Mkaa wa Mlima Tulioufunga

Wenzangu wa rika langu wakikumbuka miaka ya Ujamaa hukumbuka foleni. Mimi nakumbuka mkaa. Hata leo nikipita mahali nikaona gunia la mkaa limesimamishwa, mdomo umezibwa kwa nyasi na kushonwa kwa kamba ya gome la mti, jambo la kwanza ninaloangalia ni kamba imesokotwa kuelekea upande gani. Ni ugonjwa wangu huo. Nimeuficha miaka mingi, na sasa naona heri niuseme, maana mimi nimezeeka lakini aibu yenyewe haijazeeka.

Tulikuwa tunapanga Kariakoo, mimi na mke wangu na watoto wawili, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Ukumbi ulikuwa katikati, na nyuma kulikuwa na uani ambako kila mpangaji alikuwa na kona yake ya jiko. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mjane, Mwislamu wa dini hasa, aliyetulea wapangaji wote kana kwamba alituzaa. Alitugombeza kwa takataka na kutuuguza tukipata homa. Sisi tulimwita Bibi tu. Mimi ni Mkristo wa Kilimanjaro, lakini hakuna Idi iliyopita bila sinia la Bibi kufika mlangoni kwetu, wala Krismasi iliyopita bila yeye kuuliza pilau limeiva lini.

Asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu. Nilikatiza Mnazi Mmoja, nikiwa na viatu vimepigwa rangi na kalamu mbili mfukoni. Ofisi yetu ilishughulika na hifadhi ya ardhi. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda kwenye vijiji vya nchi kavu, ambako udongo ulikuwa umechukuliwa na maji na upepo mpaka ardhi ikabaki mifupa, na kuwafundisha watu kuirudisha. Tuliwafundisha kuchimba makinga maji, kupunguza mifugo, kupanda miti, na kufunga milima ili majani yaote tena. Mtaani waliniita Bwana Miti. Nilijifanya jina hilo linaniudhi, na kumbe lilinikaa vizuri kama kofia.

Nilikuwa na mdomo, sikatai. Nilizaliwa kwenye udongo mweusi na mifereji ya maji, sikuwahi kulala njaa kwa sababu ya mvua, lakini ukinisimamisha mbele ya wakulima wa Dodoma ningeweza kuwaeleza habari za ukame hadi wao wenyewe waone hawaujui. Nilikuwa na msemo wangu kwamba ardhi ni mama, na mama akivuliwa nguo watoto wote hufedheheka. Walipiga makofi, nami nikapenda makofi.

Sasa nieleze desturi moja, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Siku hizo Kariakoo mkaa ulikuwa ghali, na mafuta ya taa yalikuwa yakipatikana leo, kesho hakuna. Kwa hiyo mtu aliyesafiri bara kwa gari la serikali alijulikana mtaa mzima. "Ukirudi unikumbuke na kagunia," wangekwambia, kuanzia jirani mpaka mkuu wako wa kazi. Aliyerudi bila mkaa alionekana ama ana maringo ama ni bwege. Basi Landrova yetu ilikuwa ikitoka Dar es Salaam nyuma imejaa miche kwenye viriba, na ikirudi juu imebeba magunia ya mkaa. Miti midogo ilikwenda, miti mikubwa ilirudi ikiwa imeungua. Naapa, katika ofisi nzima sikumsikia hata mmoja akilitamka hilo, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote.

Kulikuwa na kijiji kimoja upande wa Dodoma nilichokipenda kuliko vingine. Kilikuwa chini ya mlima uliochunwa kabisa. Kila masika maji yalishuka pale juu kwa kishindo yakachimba makorongo, na makorongo yakala mashamba. Nilikwenda mara tatu kuwaomba waufunge ule mlima, asilishe mtu, asikate mtu. Mara mbili walikataa kwa adabu. Mara ya tatu alisimama mama mmoja mrefu, mkulima, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la jioni. Alisema yeye atatoa mbuzi wake mlimani kesho yake, anayetaka amfuate. Wakamfuata. Hapohapo wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya mlima, nami tangu siku hiyo nikawa namwita Mama Mwenyekiti.

Siku ya kutunga sheria za mlima nilikuwapo. Walikubaliana kwamba atakayekutwa amekata mti au kuchoma mkaa atatozwa mbuzi. Mbuzi ataliwa na kijiji kizima, na ngozi atarudishiwa aliyetozwa, aikalie nyumbani kwake, ili kila mgeni aulize ngozi ile imetoka wapi naye alazimike kujibu. Nilicheka sana niliposikia hivyo. Mzee mmoja akauliza, "Na ninyi wa serikali je? Magari yenu yanapenda sana mkaa." Watu wakaguna. Nikainuka nikasema, "Hata mimi! Mkinikuta na gunia la mlima huu, nitozeni. Ngozi nitaikalia hukohuko Kariakoo, wageni wangu waniulize!"

Walishangilia mpaka kuku wakakimbia. Mama Mwenyekiti hakushangilia. Alinitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake la shule.

Mlima ulifungwa. Baada ya masika mawili nilipokwenda kukagua sikuamini macho yangu. Nyasi zilikuwa zinafika magotini, migunga imechipua kwenye visiki vyake, na korongo moja lilikuwa limeanza kuota majani ndani yake. Mama Mwenyekiti alinitembeza kutwa nzima na kunionyesha mti mmoja mmoja kama mtu anayetambulisha ndugu zake. Jioni, wakati ninakula kuku wa watu, dereva wangu alisema anakwenda kutafuta maji ya rejeta. Alichukua muda mrefu. Aliporudi, shati lake lilikuwa na masizi, na juu ya gari kulikuwa na magunia matatu yamefunikwa turubai.

"Umenunua wapi?" nikamuuliza tulipokuwa njiani.

"Njiani hapa, mzee. Kuna jamaa anauza rahisi."

"Njia ipi?"

Akacheka. Nami sikuuliza tena. Tambarare yote ile haikuwa na mti wa kutoa hata gunia moja, isipokuwa mlimani. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini gunia moja lilikuwa la mkuu wangu, la pili la dereva, la tatu la mke wangu aliyekuwa amelalamika wiki nzima, na mimi nilikuwa nimeshiba na nimesifiwa. Nikaegemea kiti nikalala.

Siku nne baadaye, Jumamosi, nilitoka kazini saa saba mchana. Mke wangu alikuwa kwenye foleni ya sukari. Niliingia ukumbini nikiimba, nikapitiliza mpaka uani, na hapo wimbo ukanikauka mdomoni. Mama Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Bibi, miguu imejaa vumbi, anakunywa chai. Alikuwa amekuja kwa treni na kutembea kutoka stesheni akiuliza watu, "Kwa Bwana Miti ni wapi?" mpaka akafikishwa. Nyuma yake, hatua mbili tu kutoka mgongoni pake, lilisimama gunia langu. Tulikuwa hatujalifungua. Nyasi za mdomoni zilikuwa bado na ukijani.

"Mbukwa, Bwana Miti," akaniamkia kwa lugha ya kwao, akitabasamu.

"Mbukwa, Mama. Karibu sana. Habari za safari? Habari za kijiji?" Niliuliza habari nyingi kuliko kawaida, nikimwomba Mungu mgeni asigeuke nyuma.

Akanipa kwanza zawadi. Ilikuwa chupa ya asali, mdomo umezibwa kwa gunzi. Nilikuwa nimewaambia siku moja kwamba mlima ukipona nyuki watarudi, na kweli walikuwa wamerudi. Asali ile ilikuwa ya mzinga wa kwanza, na kamati iliamua iwe yangu. Niliipokea kwa mikono miwili.

Ndipo akaeleza kilichomleta. Siku ya pili baada ya mimi kuondoka, watoto waliokuwa wanatafuta mbuzi aliyepotea walifika upande wa nyuma wa mlima wakakuta tanuri la mkaa bado lina joto. Kamati ilifuata nyayo, nyayo zikaishia kwa mdogo wake mwenyewe, wa tumbo moja. Hakukana. Alisema amechoma, ameuza magunia matatu, na aliyenunua ni gari la Bwana Miti.

"Watu walimkasirikia sana," alisema. "Si kwa mkaa. Kwa mkaa ni mbuzi tu, desturi inajulikana. Walikasirika kwa kukutaja wewe. Wanasema ametukana serikali, amemchafua mtu aliyetuokoa. Wiki ijayo kuna mkutano. Ikithibitika kwamba amesema uongo atanyang'anywa shamba lake la bondeni, naye ana watoto watano. Na wengine wanasema, ikiwa ni kweli, basi mlima tumewafungia wakubwa, na sisi turudishe mbuzi wetu leo hii."

Akaweka kikombe chini.

"Mimi nimekuja kukuuliza wewe mwenyewe, uso kwa uso. Mdogo wangu namjua, ana makosa yake. Na wewe nakujua. Ukisema ni kweli, nitajua la kufanya. Ukisema si kweli, nitarudi nikaseme si kweli, shamba liende."

Najua mtu anayesoma hapa anangoja nimwambie nilipigana na nafsi yangu. Sikupigana. Ilichukua muda wa kumeza mate.

"Si kweli, Mama," nikasema.

Aligeuka polepole kurudisha kikombe kwenye sinia, na alipogeuka macho yake yakatua juu ya gunia. Yakakaa hapo. Nilisikia nyundo za mafundi huko mtaa wa Gerezani.

Aliyesema alikuwa Bibi, akiwa anachagua mchele wake bila kuinua kichwa. "Hilo gunia langu mimi, mwanangu. Nimelinunua sokoni hapo juzi. Siku hizi mkaa wenyewe vumbi tupu."

Mtu asiyekulia katika nyumba za namna ile huenda asielewe. Mpangaji mwenzako akifedheheka mbele ya mgeni, unamsitiri. Huulizi amefanya nini. Unamtupia nguo aliyevuliwa, halafu mgeni akiondoka ndipo mnagombezana. Bibi yule alikuwa haachi sala hata moja, sikuwahi kumsikia akisema uongo hata wa kumtania mtoto, na siku ile alisema uongo kwa ajili yangu huku anachagua mchele. Nilishukuru. Naona aibu kusema kwamba nilichokisikia kwanza moyoni ilikuwa ni nafuu.

Mama Mwenyekiti akaitikia, "Ndiyo, Bibi." Kisha akaniambia kwamba yeye neno langu analipokea, ila kijijini watataka karatasi yenye muhuri. Nilimwambia ofisi itafunguliwa Jumatatu, apumzike kwetu. Mke wangu aliporudi nilimvutia chumbani nikamweleza. Akasema, "Mimi nilikuagiza mkaa. Sikukuagiza huu." Akatoka kwenda kumtandikia mgeni.

Jumapili asubuhi niliamka nikasikia mtu anapuliza moto uani. Nikachungulia. Mgeni alikuwa ameamka kabla ya wenyeji, kama wanavyofanya wanawake wa bara wakilala ugenini, akaamua kuwasha jiko. Lile gunia lilikuwa limefunguliwa. Alikuwa ameshika kipande cha mkaa, akakigonga kwa kingine, kikalia kama chuma. Kisha akaokota kamba aliyoifungua. Aliivuta kati ya vidole vyake taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kamba watu wengi huisokota kwa kulia. Mdogo wake, nilikuja kukumbuka, alikuwa mtu wa shoto. Nilikuwa nimemwona mwenyewe akichimba makinga maji kwa mkono wa kushoto, nikamtania kwamba atatuchimbia mlima kinyumenyume. Kamba iliyokuwa mikononi mwa dada yake ilikuwa imesokotwa kwa kushoto.

Aliikunja vizuri, akaitia ndani ya kikapu chake. Kisha akabandika sufuria, akatupikia sote chai kwa mkaa wa mlima wake. Aliponiletea kikombe alisema, "Chai, Bwana Miti," kwa upole uleule. Nilikunywa nikaungua ulimi. Kutwa nzima nilingoja aseme, nami nilijiambia kwamba akisema tu nitakiri yote. Hakusema. Siku hiyo nilimwona mkatili kwa kunyamaza kule. Leo najua alikuwa ananiachia nafasi, na ilikuwa nafasi kubwa, ya kutwa nzima.

Jumatatu niliandika barua. Ningeweza kuandika mistari miwili. Lakini kalamu ya ofisini ina tabia zake, ukiianzisha inajiendea. Niliandika kwamba ofisi haina taarifa ya gari lake lolote kununua mkaa kijijini hapo, kwamba madai hayo ni ya uzushi, na kwamba mhusika achukuliwe hatua kali iwe fundisho kwa wengine. Sentensi ile ya mwisho hakuna aliyeniomba. Niliiweka kwa sababu barua zetu zote ziliishia hivyo. Nikapiga muhuri, nikatia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa gundi, nikapiga muhuri mwingine juu ya mfuniko.

Alasiri nilimkabidhi pale uani, Bibi akiwepo, kwa kuwa yeye ndiye angemsindikiza stesheni. Mama Mwenyekiti akaigeuza bahasha mikononi.

"Umeandika ukweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Hakuna neno unalotaka kubadilisha kabla treni haijaondoka?"

"Hakuna."

Akaiweka kikapuni, juu ya ile kamba. Akamshukuru mke wangu, akawabusu watoto, akaondoka na Bibi.

Bibi aliporudi jioni hakuingia chumbani kwake. Alisimama mlangoni kwangu. "Mimi nimekusitiri mbele ya mgeni," alisema, "kwa kuwa uko ndani ya nyumba yangu. Mbele ya Mungu utajisitiri mwenyewe. Na yule mama anajua. Njia nzima hakuutaja uongo wangu hata kwa jicho. Nimemwonea haya kuliko nilivyomwonea haya mama mkwe wangu." Tangu siku ile hakula kitu kilichopikwa kwa mkaa wetu. Alituambia ana kiungulia.

Wiki ya mkutano wao ilipita. Sikupata habari, na sikuulizia. Kila asubuhi nikikatiza Mnazi Mmoja nilijiambia labda mvua imeahirisha mkutano, labda wamesamehe. Nilikuwa namfikiria yule mtu wa shoto na watoto wake watano wakihama bondeni na jembe lao, halafu nawaza jambo jingine haraka. Ilipofika zamu ya safari ya kijiji kile nilijitia homa. Mke wangu, anayejua homa na anayejua mimi, alinifunika blanketi mbili kwenye joto la Dar es Salaam. Dereva akaenda na afisa mwingine.

Akarudi baada ya siku kumi, Jumamosi mchana, na kuja moja kwa moja nyumbani. Karibu wapangaji wote walikuwa uani, wengine wanapika, wengine wanafua. Watoto walimkimbilia kuona kama kuna magunia juu ya gari. Hakukuwa na hata moja. Alikuwa amebeba kitu kimekunjwa na kufungwa kamba.

"Shikamoo, Bibi. Jamani, habari za hapa." Kisha akanigeukia, na nikashangaa kuona macho yake yana heshima ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Mzee, mbona hukuniambia? Ungeniambia, na mimi ningetoa wangu!"

"Wako nini?"

"Mbuzi!" Akawageukia wengine, akaanza kueleza kwa sauti. "Mnamjua huyu Bwana Miti wenu? Sisi tulinunua mkaa kule, mkaa wa mlima uliofungwa. Nilinunua mimi, sifichi. Yule mama mwenyekiti alipokuja hapa, huyu mzee akamkiria yote. Hakuficha kitu! Akampa hela ya mbuzi, akamwambia kanitozeni kama nilivyoahidi. Mama amesimama mkutanoni ameyasema hayo mbele ya kijiji kizima. Mbuzi amechinjwa, ameliwa. Mdogo wake yule mchomaji ametozwa wake, kaonekana msema kweli, shamba anakaa nalo. Na mlima! Waliokuwa wanataka kurudisha mifugo wamenyamaza kimya. Wanasema kama afisa wa Dar es Salaam katozwa mbuzi, nani tena atathubutu? Kule jina lake halitajwi bila watu kuvua kofia. Mimi mkaa nimeapa, sibebi tena mpaka nife."

Sikuwa nimempa Mama Mwenyekiti hata senti ya kununulia karanga. Mbuzi yule alitoka zizini kwake. Alikuwa nao wachache, na hao wenyewe alikuwa amewatoa mlimani kwa sababu ya maneno yangu.

Watu wa uani wakaanza kunipongeza. Fundi cherehani wa chumba cha mbele, Mmakonde mmoja mcheshi, alinishika mkono akasema, "Viongozi wangekuwa hivi tungekuwa mbali." Mke wangu aliinamia sufuria lake hakuinuka. Dereva akanyoosha lile furushi. "Wamekuletea ngozi yako, mzee. Wanasema uliahidi kuikalia."

"Ifungueni tuone," mtu akasema.

Bibi ndiye aliyeipokea. Alifungua kamba, na hata kutoka pale niliposimama niliona imesokotwa upande gani. Alipoikunjua ngozi, kikadondoka kitu mkekani. Ilikuwa bahasha ya kaki. Gundi ilikuwa haijaguswa, muhuri juu ya mfuniko uko palepale. Mama Mwenyekiti hakuifungua. Hakuhitaji kujua nilichoandika juu ya mdogo wake.

Bibi aliiokota kabla mwingine hajaiona vizuri, akaiingiza chini ya kanga yake. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Kisha akaitandaza ngozi katikati ya uani, manyoya juu, akailainisha kwa kiganja, akanitazama. Wote wakawa wananitazama, wakingoja Bwana Miti aseme neno, maana hakuna aliyewahi kunikuta sina la kusema. Palikuwa na watu kama kumi na wawili. Ilikuwa ni kusema tu, jamani, si mimi, ni yule mama.

"Asanteni," nikasema. "Asanteni sana."

Wakapiga makofi.

"Basi keti, Bwana Miti," Bibi akasema taratibu. "Si uliahidi?"

Nikaketi. Ngozi ilikuwa bado ngumu, inanuka moshi, na manyoya yalinichoma kupitia suruali. Wale watu waliendelea kunipigia makofi kwa muda mrefu, nami nikaendelea kukaa.